AP ya 2, na kaka aliyesema hongera

Tulikuwa jikoni kwa kaka asubuhi moja ya Julai, joto la Houston limeshaanza kazi yake kabla hata chai haijaiva, wifi anageuza maandazi kwenye mafuta na binti yao kakaa mezani, simu kaishika kwa mikono miwili, anasubiri ukurasa ufunguke. Intaneti inazunguka tu. Matokeo ya AP, ile mitihani ya masomo ya kiwango cha chuo wanayofanya watoto wa sekondari huku, yametoka na watoto wa Marekani nzima wako kwenye ukurasa huo huo dakika hiyo hiyo.

Ukafunguka. Akasoma, akailaza simu kifudifudi.

"Enhe, vipi?" kaka akauliza.

"Kingereza nne. Kemia… mbili."

Kaka akanyanyuka kabisa kwenye kiti, makofi juu. "Mbili! Hongera sana mama! Mi mwenyewe na PCB yangu nilitoka na two na kijiji kizima walinichinjia mbuzi!"

Binti akamtazama baba yake kama mtu anayetafuta kama ni utani, machozi yakamwagika, akaenda chumbani akafunga mlango.

Wifi kabaki na kijiko hewani.

Ikabidi mi shangazi ndo nitafsiri balaa. Kaka, nikamwambia, huku namba zimegeuzwa. Kwetu divisheni one ndo baba lao, huku one ndo mkiani na tano ndo kileleni. Hata maelezo yao rasmi yako hivyo, 3 ni "anafaa", 2 ni "huenda anafaa", na 1 hawampendekezi kabisa. Nikaona sura inabadilika polepole, kwanza aibu, alafu hofu, alafu akauliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki zote hizi mpaka nikaona bora niliandike:

"Kwa hiyo chuo ndo basi?"

Julai ya kule na Julai ya huku

Kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani ni kwamba kalenda zetu zinafanana kabisa. Fomu siksi wanafanya mtihani Mei, matokeo Julai. AP wanafanya wiki mbili za mwanzo za Mei, matokeo Julai. Mwezi huo huo grupu letu la ukoo la WhatsApp lilikuwa linawaka moto, mtoto wa binamu yetu Morogoro matokeo yake yametoka, mtu karusha linki, na ndani ya nusu saa ukoo mzima kuanzia Dar mpaka Muscat ulishaona namba yake ya mtihani, jinsia, pointi, divisheni, na kila somo kapata nini. Bibi ambaye hajui kusoma alishasomewa.

Na kule ndo hivyo, matokeo yakitoka dirisha la kuomba vyuo linafunguliwa, una pointi zako mkononi, kozi fulani inataka hiki na hiki, unazo au huna. Mtihani ni mlango.

Kwa hiyo mtu aliyekulia huko akisikia mtoto kafanya mtihani mkubwa wa taifa mwezi wa tano na kapata alama mbaya, mwili wenyewe unajua cha kufanya. Unaogopa. Kaka hakuwa mjinga, alikuwa anasoma kalenda anayoijua.

Sasa huku ujanja uko kwenye mpangilio. Mtoto wa darasa la 12 anaomba chuo kuanzia Agosti, Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, wengine deadline zao Novemba, wengine Desemba, wengine Januari. Majibu yanakuja, kufikia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili vyuo vingi vishasema ndiyo au hapana, na tarehe 1 Mei kwa kawaida ndo siku ya kuchagua unaenda wapi. AP zenyewe zinaanza siku chache baada ya hapo.

Yaani ile mitihani ya mwaka wa mwisho, matokeo yanakuja mtoto ana T-shirt ya chuo tayari.

Nilipomwambia kaka alikataa katakata. "Sasa wanafanya mtihani wa nini?"

Swali zuri sana hilo.

Kemia ilishafanya kazi yake Juni

Nikaanza kuuliza. Mi nafanya kazi hospitali, usiku mwingine wagonjwa wamelala na wenzangu wawili wana watoto walioshapita njia hii, so niliwahoji kama polisi. Alafu nikasoma kurasa za vyuo vyenyewe, zile wanazoandika kwa lugha tamu ukimaliza hujui umeambiwa nini.

Kinachoangaliwa kwanza ni transkripti. Masomo gani ulichukua na gredi gani ulipata mwaka mzima, sio kile kilichotokea asubuhi moja ya Mei. Na shule inatuma karatasi inayoeleza shule yenyewe ikoje, ina AP ngapi, watoto wangapi wanaenda chuo, kwa hiyo ukichukua AP mbili kwenye shule yenye mbili wewe ni simba, ukichukua mbili kwenye shule yenye ishirini na tano watajiuliza ulikuwa wapi. Alafu kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi pale shuleni, ana fomu yake, kuna swali pale linamtaka aseme masomo ya huyu mtoto, ukilinganisha na wenzake wa shule hiyo, yalikuwa mazito kiasi gani, na anatakiwa achague kisanduku. Kisanduku cha juu kabisa ndo watu wanakitafuta kwa machozi.

Texas kuna jambo la ziada na hili wazazi wengi wa kwetu hawalijui, au wanalijua nusu. Tangu 1997 kuna sheria ya asilimia 10, ilipitishwa baada ya mahakama kuzuia vyuo kuangalia rangi ya mtu, na inasema ukiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lako basi vyuo vya serikali vinakuchukua moja kwa moja. Isipokuwa UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas kile cha Austin, pale waombaji wamezidi, wao walishashusha mpaka asilimia 6 na kwa wanaoingia kuanzia 2026 ni asilimia 5.

Na nafasi yako darasani inapangwaje? Kwa GPA, yaani wastani wa gredi, ile yenye uzito. Wilaya nyingi A ya darasa la kawaida ni 4, A ya AP ni 5.

Umeona?

Binti yetu, ndo kwanza kamaliza la 11, kwenye darasa la Kemia alipata A. A hiyo iliingia kwenye hesabu Juni shule ilipofungwa, ikampandisha, na sa hivi yuko asilimia 9. Texas A&M (nacho chuo cha serikali) hiyo ni moja kwa moja, hamna wa kumzuia. Ile 2 ilipokuja Julai ilikuta kazi imeshaisha, na haikushusha hata pointi moja.

Kaka akanyamaza, alafu akasema "Asilimia 9. Kwa hiyo Austin ndo hapana?" Nikamwambia Austin ataomba kama wengine, watamsoma karatasi kwa karatasi. Baba mwenye mtoto aliyeshaingia A&M bila jasho bado anahuzunika, mi nikacheka, wifi akanikata jicho.

A na 2, nani muongo?

Lakini kaka ni mtu wa kung'ang'ania. Siku chache baadaye kanipigia usiku. "Dada, nielewe hapa. Mwalimu kampa A. Mtihani umempa mbili. Mmoja kati yao anadanganya."

Na hapa ndo niliposhindwa kulala vizuri, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka.

Mtihani wenyewe wa Kemia sio mchezo, maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 90, alafu maswali saba ya kuandika na kukokotoa kwa dakika 105. Binti anasema ya kuchagua aliyaweza, ya kuandika yale marefu yalimpiga, la pili alilitumia muda mpaka la sita na la saba akaandika tu chochote. Darasani mwalimu alikuwa anawaruhusu kurudia majaribio, kazi za nyumbani zina maksi, maabara ina maksi. Kwa hiyo A ilikuwa ya bidii ya mwaka mzima, na 2 ilikuwa ya saa tatu na robo. Zote za kweli. Zinapima vitu tofauti tu, ndo nilivyomjibu.

Jibu langu halikumtosha na kiukweli hata mimi halikunitosha. Maana kuna upande mwingine.

Vyuo vikubwa vimeshaanza kuzitilia shaka zile A. Wakati wa korona vingi vilisema SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, sio lazima, sasa vinarudi kimoja kimoja, MIT walirudisha 2022, Dartmouth, Yale, Harvard na UT Austin wote wakatangaza 2024. Na Yale wakaja na la kwao, mwombaji achague mwenyewe alete SAT, au ACT ambayo ni ndugu yake SAT, au AP, au IB, ile mitihani ya mtaala wa kimataifa. Maana yake kwa Yale alama za AP zinaweza kusimama mahali pa SAT, na ukichagua njia hiyo unaleta zote ulizonazo, huokoti nne na tano ukaacha nyingine. Kwa hiyo yule anayesema AP score haina maana yoyote kwenye admisheni, naye anazidisha.

Hata hicho kipimo chenyewe kinasogezwa. College Board, wenye mtihani, miaka hii ya karibuni wamebadilisha namna ya kupanga alama kwenye masomo kadhaa, na ghafla watoto wengi zaidi wakaanza kupata 3 kwenda juu. Historia ya Marekani mwaka 2023 waliopata 3 na zaidi hawakufika nusu, 2024 wakapita asilimia 70. Sidhani kama watoto walipata akili mpya ndani ya mwaka.

So nikabaki hapo. A siiamini yote, 2 siiamini yote.

Shahidi

Kilichonigeuza ni stori ya zamani niliyokutana nayo nikiwa natafuta mambo mengine kabisa. Mwaka 1982, Los Angeles mashariki, kuna shule inaitwa Garfield High School, watoto wengi pale wa asili ya Mexico, familia za vibarua. Mwalimu wao wa hesabu Jaime Escalante, mhamiaji kutoka Bolivia, akapeleka watoto 18 kwenye AP ya Kalkulasi. Wote wakapita. Waliosimamia usahihishaji wakashtuka, wakasema karatasi 14 zinafanana mno, zina walakini. Watoto 12 wakakubali kurudia mtihani, na hao 12 wote wakapita tena.

Watu huwa wanaisimulia hii kama stori ya ushindi. Mi iliniuma kwanza. Lakini ukiitazama tena, fikiria wale watoto wangekuwa na A za mwalimu wao peke yake. Nani angewaamini? Mtoto wa shule yenye jina, A yake inatembea yenyewe, watu wa admisheni wanamjua kaunsela wake, wameshachukua watoto pale miaka thelathini. Mtoto wa shule isiyojulikana anahitaji shahidi wa nje. Tano yake inasema kitu ambacho A yake haiwezi kusema.

Ndo maana sishangai kwamba mwaka 2018 shule nane za binafsi za eneo la Washington, zile za ada kubwa, akina Sidwell Friends na St. Albans, zilitangaza kwamba zinaachana na madarasa ya AP. Wanaweza. Kumbuka kitu chenyewe kilianzia kwao, miaka ya 1950 mwanzoni, shule za aina ya Andover na Exeter na vyuo kama Harvard na Yale, hela za Ford Foundation, wazo likiwa watoto wao wasirudie chuoni walichoshasoma. College Board wakaichukua 1955, mitihani ya kwanza ikawa 1956. Ikashuka mpaka kwetu, na ilipofika kwetu wao wakaaga.

Sasa binti wa kaka anasoma shule nzuri ya pembezoni mwa mji, ina kila kitu. Yeye shahidi wa hivyo hamhitaji sana. Anayemhitaji yuko kwingine.

Gulfton

Southwest Houston, mitaa ya Gulfton na kuzunguka pale, ukitembea sokoni Jumamosi utasikia Kiswahili cha Kongo kila kona. Kuna mama mmoja huwa nakutana naye kanisani, alikaa Nyarugusu kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuja, sasa anafanya usafi usiku maofisini. Wiki ile ile ya vurugu za kaka akanishika mkono nje ya ibada, akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mara nne.

"Dada, hii karatasi inasema nini? Miye nilitia tu sinyatiri, nikaona ni mambo ya masomo."

Nikasoma. Mwanae wa mwisho alimaliza darasa la tano, kafanya vizuri kwenye STAAR, mtihani wa serikali ya Texas, ya hesabu, na Texas tangu 2023 kuna sheria kwamba mtoto aliye kwenye asilimia 40 ya juu aingizwe moja kwa moja kwenye hesabu za juu darasa la sita. Mzazi asipotaka, anakataa. Na kwenye karatasi kuna kisanduku cha kukataa, na mama kakitia tiki na kusaini, kwa sababu kilikuwa kisanduku pekee na yeye alijua karatasi ya shule inataka tiki.

Nilisimama pale naiangalia ile tiki.

Maana hebu fuata mnyororo. Ukikosa hesabu za juu darasa la sita, aljebra unaikuta darasa la tisa badala ya la nane. Ukiikuta la tisa, Kalkulasi hufiki kabla ya kumaliza, labda usome kiangazi. Bila Kalkulasi, kwa injinia au sayansi, vyuo vikubwa vinakuangalia kwa mashaka. Mtoto hakufeli popote, na tena kwenye mtihani kafaulu. Kafungiwa mlango akiwa na miaka kumi na moja, na aliyeufunga ni mama anayempenda, kwa kalamu ya kuazima.

Jumatatu tulipiga simu shuleni, mi ndo nikaongea. Yule dada wa mapokezi akamwita kaunsela, kaunsela akasema sawa, nitamrudisha. Dakika nne. Haikuhitaji wakili wala barua.

Na mkubwa wa huyo mtoto, kijana wa darasa la 10, yeye alisoma Nyarugusu shule ya mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nikauliza, mtoto huyu anachukua AP gani? Hamna. Anaitwa dhaifu kwa sababu Kingereza chake bado. Lakini AP ya Kifaransa ipo! Na sio lazima ukae darasa la AP ndo ufanye mtihani, College Board wanaruhusu ufanye mtihani bila darasa, ilimradi shule ikuandikishe. Kiswahili hakipo kwenye orodha, kuna Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kilatini, Kichina, Kijapani, sisi tumekaa nje. (Ingawa Kilwa na miji ya pwani tuko kwenye silabasi ya World History, binti wa kaka alikuja kutueleza habari za Ibn Battuta kufika Kilwa 1331 na kaka mwenye ukoo Kilwa Masoko akawa anasikiliza kama mgeni.) Kijana huyu akipata 4 au 5 ya Kifaransa, ana shahidi. Mtu wa admisheni hawezi kusema ni dhaifu, atasema huyu ana lugha tatu nne na moja imepimwa.

Hapa ndo nilipoona swali la kaka lilikuwa mahali pasipo pake. Yeye aliogopa namba ya Julai ya mtoto ambaye mlango wake ulishafunguka zamani, shule nzuri, baba mwenye PCB, shangazi wa kusoma fomu. Uzito wa ile namba uko kwa huyu kijana wa Gulfton, na huyu hakuna aliyemwambia hata kwamba mtihani upo.

Kuficha au kutosema?

Turudi kwa kaka maana hakuniacha. Agosti Common App imefunguka, binti anajaza, anafika kwenye sehemu ya mitihani, anaulizwa kama anataka kuripoti alama. Anaandika mwenyewe. World History 4, Kingereza 4, Human Geography 3. Kemia kaacha.

Kaka kasimama nyuma ya kiti. "Na Kemia?"

"Sio lazima baba."

"Unaficha matokeo?"

Nyie, ilikuwa kesi. Kwa kaka matokeo ni kitu cha hadharani, yanabandikwa, dunia nzima inaona, ukipata sifuri unaibeba sifuri yako mchana kweupe na huo ndo uadilifu. Mtoto kuchagua namba za kuonyesha anaona ni utapeli. Binti naye anamweleza kwamba sheria ndo hiyo, vyuo vingi vinasema wazi ripoti unachotaka, na ripoti rasmi itatumwa baadaye chuo alichokubaliwa kwa ajili ya krediti, yaani ahesabiwe somo la chuo kama keshalisoma, ile 2 wataiona huko na haitawashughulisha.

Mi niko upande wa binti. Transkripti inaonyesha alichukua AP Kemia, hajaifuta, mtu wa admisheni akiona somo lipo na alama haipo si mtoto, anajua kujumlisha. Huko sio kudanganya. Lakini sitasema kaka hana hoja, kwa sababu anayejua kucheza hivi ni yule mwenye mtu wa kumwambia, na yule asiye na mtu ataandika zote kwa uaminifu wake, mbili na moja zake zote, akidhani ameamriwa.

Hela

Kitu kimoja ndo kilituliza nyumba, nacho ni hela. Texas, sheria ya 2015, vyuo vya serikali kwa kawaida vinatakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 kwenda juu. Kwa hiyo zile tatu za binti, 4, 4 na 3, ni masomo ambayo hatalipia chuoni, na somo moja kwa mkazi wa Texas kwenye chuo kikubwa cha serikali ni dola elfu moja na ushee. Mtihani ni dola kama 99, na wenye kipato kidogo wanapunguziwa. Kaka alipopiga hesabu kwenye nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, ndo mara ya kwanza nimemwona anatabasamu tangu Julai.

Angekuwa anaenda Dartmouth, hizo hela zisingekuwepo, wao walishaacha kutoa krediti za AP kwa wanaohitimu kuanzia 2018. Caltech hawatoi. Na kwa kuwa kaka anataka daktari, nilimwambia pia kuna medical schools hazipendi kuona Kemia imerukwa kwa AP, wanataka uikae chuoni. So Kemia angeirudia hata angepata 5. Akasema ningemwambia hilo Julai.

Sasa tunagombania mitihani ya Mei ijayo. Binti yuko kwenye madarasa matano ya AP mwaka huu, shule inataka majibu ya nani anafanya mtihani gani kabla ya katikati ya Novemba, na ukishaagizwa alafu usitokee kuna faini. Kaka anasema alipie yote matano, heshima ya mtoto. Binti anasema matatu, yale ambayo A&M watampa krediti anayoihitaji kwenye digrii yake, na Fizikia hataki hata kuisikia, anataka muda wa okestra. Wifi anasema aulizwe binti. Mi nimeshamtumia yule mama wa Gulfton jina la kaunsela wa kijana wake na maneno ya kusema kuhusu Kifaransa, kwa Kingereza na kwa Kiswahili, na hela ya ule mtihani nimemwambia kaka aitoe kwenye hiyo anayotaka kulipia Fizikia.

Kasema atafikiria.